Ufuo Wenye Mlango

Kwenye karatasi, sisi Wataita ni watu wa Pwani. Zamani tulikuwa ndani ya Mkoa wa Pwani, na leo Taita Taveta ni moja kati ya kaunti 6 za Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Ila kati ya hizo 6, ni sisi pekee tusio na hata hatua moja ya ufuo. Ukitoka Mwanda, kule juu karibu na kilele cha Vuria chenye mita 2,208, unashuka Wundanyi, unashuka Mwatate, unafika Voi, na bado una kama kilomita 150 za lami kabla ya kunusa chumvi. Asubuhi ya Julai kwetu unavaa sweta mbili na bado unapuliza vidole. Sisi ni watu wa Pwani wa ukungu.

Kabichi zetu zimefika Mombasa mara nyingi kuliko wenye shamba. Mama yangu amefunga magunia ya mboga za kwenda soko la Kongowea kwa zaidi ya miaka 30, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshuka Mombasa mara 4 tu: matanga mawili, harusi moja, hospitali mara moja. Bahari aliiona kupitia dirisha la matatu pale Makupa. Basi magoti yalipoanza kumsumbua, akatoa neno ambalo hatukuwahi kulisikia kwake. "Kabla haya magoti hayajakataa kabisa," akasema, "nataka kukanyaga bahari."

Kukanyaga, alisema. Kuona alishaona.

Kwa kuwa mimi ndiye nakaa Voi, na kwa hesabu ya familia mtu wa Voi ni kama mtu wa Mombasa, kazi ya kuchagua ufuo ikaniangukia. Nikaweka swali kwenye grupu la WhatsApp. Kufikia jioni kila mtu alikuwa mtaalamu wa bahari.

Binamu zangu wa Nairobi wakasema Diani, bila hata kufikiri. Na kweli, mchanga wa Diani ni mweupe kama unga wa ngano, sina ubishi. Lakini Diani iko kusini ya kivuko cha Likoni, na Mama ana jambo lake na feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa na abiria wake, wakafa watu 272. Nyumbani habari ile ilisikilizwa redioni siku nzima, na Mama hajaisahau hadi leo. Nikamweleza kwamba siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unazunguka hadi kusini bila kugusa feri. Akaniuliza, "Na hiyo barabara matatu yetu inapita?" Haipiti. Tungelazimika kukodi gari, na pesa za kukodi gari ndizo zilikuwa pesa za safari yote. Diani ikaanguka, na Tiwi na Shelly zikaanguka pamoja nayo.

Kaka yangu akapendekeza Mama Ngina, pale mkabala na mlango wa bandari, palipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019. Mahali pazuri sana jioni. Unakaa kwenye benchi, unakula mhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, unanywa dafu, meli kubwa inapita mbele yako kama ghorofa linalotembea. Lakini Mama Ngina ni mahali pa kutazama. Chini yako ni miamba na mawimbi yanayopiga kwa hasira. Mama alitaka kukanyaga.

Ikabaki kaskazini: Nyali, Bamburi, Shanzu. Jumamosi moja nikashuka peke yangu kwenda kupeleleza.

Nilianzia Nyali. Kwenye ramani ya simu bahari ilikuwa mita 200 kutoka niliposhukia. Kwa macho, niliona ukuta. Nikaenda kwenye geti la hoteli moja, soja akaniuliza kwa adabu kabisa kama nina bukingi. Nikamwambia nataka tu kufika ufuoni. "Madam, hapa ni wageni wa hoteli peke yao. Zunguka kule mbele, utaona kinjia." Nikazunguka. Ukuta ukaisha, ukaanza ukuta mwingine wa nyumba za watu, zenye miti mizuri ya maua juu na vipande vya chupa katikati ya maua. Kinjia nilikipata mwishowe: upana wa mkokoteni mmoja, kati ya kuta mbili, na mwisho wake ngazi za mawe zilizovunjika. Nikazihesabu. Zilikuwa 9. Kwangu mimi ngazi 9 si kitu. Kwa magoti ya Mama, ngazi 9 zilizovunjika ni sawa na geti jingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria iko upande wa Mama. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Yaani ule mchanga uliolowa mbele ya hoteli yoyote ile, kuanzia Vanga hadi Kiunga, ni wako, ni wangu, ni wa mama muuza kabichi wa Mwanda. Nilifurahi kulijua hilo. Kisha nikasimama juu ya ngazi zile wakati maji yamejaa, mawimbi yanagonga ukuta wa hoteli, na furaha ikapungua. Ardhi tuliyopewa huzama mara mbili kwa siku. Ikizama, mwenye chumba anarudi kwenye kiti chake juu ya ukuta. Wewe unabaki umesimama ndani ya mali yako, maji yakikufika kiunoni.

Aliyenifundisha hesabu za maji ni mzee mmoja muuza madafu, aliyekuwa amekaa mwisho wa kile kinjia na baiskeli yake. Nilimuuliza kama maji huwa juu hivi kila siku. Akacheka. "Wewe watoka bara, sivyo? Mwanangu, usiulize saa, uliza mwezi." Akanieleza kwamba mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, bahari inakwenda mbali hadi karibu na mwamba, halafu hujaa sana mnamo saa kumi alasiri. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. "Kama wamleta mama mtu mzima," akasema, "mlete bamvua, asubuhi, maji yakiwa nje. Atatembea kama atembeaye sebuleni."

Kwa hivyo tarehe tulikuwa nayo: Jumamosi moja mara tu baada ya mwezi mpevu, maji yangepwa karibu saa tano. Tulichokosa ni mlango.

Mlango nilijua uko wapi tangu mwanzo. Kila mtu anajua. Jomo Kenyatta Public Beach, ambayo hakuna anayeiita hivyo, ni Pirates. Unashuka kwenye barabara ya Malindi, unavuka, unatembea, umefika. Hakuna geti la kuuliza bukingi. Lakini nilipoiandika kwenye grupu, kimya kilichofuata kilikuwa na maana. Halafu zikaanza: Pirates ni ya safari za shule. Pirates ni fujo. Mara hii moja maishani unampeleka Mama mahali pa matairi na ngamia? Binamu mmoja akasema waziwazi kwamba hata picha hazitatoka vizuri.

Nikampigia Mama mwenyewe. Nikamweleza zote, uzuri na ubaya. Hakuuliza habari za mchanga mweupe. Aliuliza mambo mawili. La kwanza: "Huko kuna watu wa rika langu?" La pili, baada ya kunyamaza kidogo: "Nikiingia na leso yangu, hawatanitazama?"

Nadhani hapo ndipo nilielewa tunachagua nini. Sisi vijana tunachagua ufuo kwa jinsi unavyoonekana. Mama alikuwa anachagua kwa jinsi atakavyoonekana yeye. Mwanamke wa miaka 63 ambaye hajawahi kuvua viatu mbele ya wageni anataka mahali ambapo hatakuwa kioja. Nyali, hata ngazi zingekuwa nzima, angekuwa kioja.

Siku yenyewe wakalala kwangu Voi, yeye na binti wawili wa kaka yangu. Alfajiri tukapanda matatu, Mwembe Tayari tukabadilisha gari, na kabla ya saa tano tukawa tumesimama kwenye mchanga. Bahari ilikuwa imekwenda. Mama akatazama ule uwanja mrefu wa mchanga uliolowa, akasema, "Sasa iko wapi?" Wasichana wakamwonyesha.

Na watu wa rika lake walikuwepo. Kulikuwa na akina mama wa kanisa fulani, pengine 20, wenye leso za sare, wamekaa ndani ya maji ya kina cha kifundo, wanaimba. Kulikuwa na bibi mwenye dera aliyeketi ndani ya tairi la kuelea kama malkia, wajukuu wakimsukuma. Ngamia akapita. Mama akamtazama hadi akapotea, akasema, "Huyo naye ana haja gani na maji?"

Akafunga leso vizuri, akawashika wasichana mikono, wakatembea. Ilichukua muda. Maji yalipomfika magotini akainama, akayachota kwa viganja, akayamwagia magoti yote mawili polepole, kama mtu anayeosha mtoto. Hakusema kitu. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi.

Mchana maji yalianza kurudi. Ufuo ukapungua, na watu wote tukapandishwa juu taratibu, shuka kwa shuka, sufuria kwa sufuria, hadi chini ya mivinje. Pale ndipo nilipoona tofauti ya Pirates na kule kwenye kuta. Maji yalipokuja kuchukua ardhi yetu, nyuma yetu kulikuwa na mahali pa kurudi. Tukakaa kwenye kivuli, tukala viazi karai.

Kabla hatujaondoka Mama akatoa chupa ya lita moja kwenye mkoba, akamtuma msichana mkubwa aijaze maji ya bahari. Kwetu wengi huyapeleka nyumbani kama dawa ya miguu. Nikamtania kwamba anaiba mali ya Mombasa. Ujue tangu miaka ya 1950 maji ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi ndani ya kaunti yetu, husafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200 kuja kunywewa Mombasa, huku wengi wetu bado tunabeba mitungi. Mama analijua hilo kuliko mimi. Akafunga kifuniko, akasema, "Wao wamekunywa yetu tangu sijazaliwa. Hii ni lita moja tu."

Tangu arudi Mwanda, majirani wawili wamenipigia simu. Wote wana mama zao, wote wameuliza swali lile lile: bichi gani? Wa kwanza nilimwambia Pirates. Wa pili nilimuuliza kwanza mama yake anaweza kupanda ngazi ngapi.