Wamaza: klore iko, lakini bidoni ni ya kijani

Mama mmoja aliyekimbia vita na kupokelewa na jamaa hapa Wamaza alitia klore ndani ya maji kila asubuhi, lakini mtoto wake hakuacha kuharisha. Jirani akamulika bidoni yake ya litri 20: ndani umeota utelezi wa kijani. Utelezi huo hula dawa kabla haijaua mikrobe; jua nalo huimaliza.

Sasa mama hutia mchanga, sabuni na maji kidogo, hutikisa, husuuza. Huchuja maji kwa kitambaa safi, hutia dozi ileile, hungoja dakika 30 kivulini. Yakinukia klore kidogo, dawa ingalimo. Yasiponukia, hayanywewi. Na mtoto anayeharisha apelekwe kituo cha afya upesi.