Safari Yetu ya Kwanza Kalambo

Mungu akipenda, tutakwenda kuutazama mto Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Huko maji huanguka mara moja, zaidi ya mita 200, kisha hupita kati ya kuta za mawe kuliendea ziwa Tanganyika.

Wengine wetu walitaka Aprili, maji yakiwa mengi. Lakini mvua za Ufipa hugeuza njia kuwa matope, naye bibi yetu mmoja amesema, "Msiponichukua, msije kunisimulia." Basi tumechagua Juni. Tena kiangazi ndipo korongo wenye upara hujenga viota majabalini. Na lugha yetu, kama ijuavyo mahali hapo, humwita ndege korongo na bonde lenyewe korongo.

Alhamisi tutapanda basi Mbeya, tulale Sumbawanga. Ijumaa tupite Matai mpaka maporomokoni. Jumamosi turudi, tupate kusali kwetu Jumapili. Bibi atakaa juu, mbali na ukingo, na kila mtoto atashikwa mkono na mtu mzima. Katika hili hatusikilizi maombi ya mtu.

Ng'ambo ya Zambia, mwaka 2019, wachimbaji walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja tangu miaka 476,000 hivi. Seremala wetu hazungumzi neno jingine! Hatutavuka, ila atawaonyesha vijana kwa vijiti jinsi yalivyoshikana.

Kila nyumba ilete unga, maharagwe na blanketi nzito, maana baridi ya Ufipa mwezi wa Juni ni kali.