Klachi ya Baba Salma (Sehemu ya 17)

Wiki iliyopita tuliongea homa za usiku, na najua wengi mnasubiri ile ya chanjo. Itakuja. Leo naomba mnivumilie niongelee klachi. Ndiyo, klachi ya gari. Najua mtacheka, nesi na klachi wapi na wapi. Someni tu mpaka mwisho, maana humu ndani kuna mtoto, kuna vumbi la hatari, na kuna hela ya nyumba.

Gari letu ni Hilux ya dizeli, injini ya lita 3 yenye turbo, gia za mkono. Siku za kazi Baba Salma anabeba nanasi za Kiwangwa kupeleka Dar, siku nyingine samaki wa hapa Bagamoyo na barafu yake. Jumapili ndo gari la familia. Nikiwa zamu ya usiku naliendesha mimi. Kwa hiyo ndo shamba letu, na siku ya shida ndo ambulensi yetu.

Mwaka jana vijana fulani walimshawishi aliongezee nguvu. Wanachomeka kompyuta, wanabadilisha mahesabu ya injini, mafuta yanaingia mengi zaidi na turbo inapuliza zaidi. Injini ile ilitoka kiwandani na nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 343. Wakaipandisha, wakasema imefika 430. Na kweli lilibadilika jamani. Mzigo wa nanasi ukawa kama haupo. Hata mimi nilifurahi, sitadanganya. Nilikuwa napita malori pale Mapinga bila kusoma dua.

Hakuna aliyeuliza habari ya klachi.

USIKU WA WIFI

Ilikuwa wakati wa masika. Wifi yangu alikuwa kwao Kiwangwa, mimba ya wiki 38, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mnaonifuata mnajua wimbo wangu: mama mwenye kovu la upasuaji kwenye mji wa mimba asithubutu kujifungulia nyumbani, kwa sababu lile kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Tulishapanga aje kukaa kwetu siku ya Jumamosi. Uchungu ukaanza Alhamisi, saa nne usiku.

Tukaenda kumchukua. Wakati wa kurudi, kwenye mwinuko wa kwanza, Baba Salma akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, lakini gari halikuongeza mwendo. Kama mtu anayekimbia kwenye utelezi. Halafu ikaja harufu, kali, ya kitu kilichoungua. Mi niko nyuma na wifi, nashika tumbo lake, nahesabu. Uchungu unakuja kila dakika tano.

Baba Salma hakusema neno. Akashusha gia, akaacha kukanyaga mafuta kwa nguvu, tukaenda taratibu kama tunasindikiza jeneza. Kila akiongeza kidogo, klachi inateleza. Njia ambayo huwa tunatumia chini ya saa moja, tulitumia saa moja na nusu. Alhamdulillah tulifika. Wifi akapelekwa chumba cha upasuaji, akapata mtoto wa kiume, mzima, analia kama anadai kodi.

Lakini ile saa moja na nusu sijaisahau. Nikamwambia mume wangu, safari hii kwenye kuchagua klachi, na mimi nipo.

KLACHI NI KITU GANI HASA

Injini inazunguka muda wote. Klachi ndo inayoishikanisha na gia. Kuna sahani, mafundi wanaiita klachi pleti, imebanwa katikati ya gurudumu zito la injini, yaani flaiwili, na kitu kinachobana kinachoitwa presha pleti. Ukikanyaga pedali inaachia. Ukiondoa mguu inabana.

Kila klachi ina kiwango chake cha mwisho cha kushika. Kiwandani wanaweka akiba kidogo juu ya nguvu ya injini. Sisi ile akiba tuliila yote, na sahani yenyewe ilishachakaa. Nguvu ikizidi kiwango, sahani inateleza. Ikiteleza inapata moto. Ikipata moto inaungua, na ikiungua inateleza zaidi. Dizeli yenye turbo inaumiza zaidi hapo, kwa sababu nguvu yake kubwa inakuja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole na mzigo uko nyuma.

Mnaweza kupima wenyewe. Tafuta barabara tupu, weka gia ya nne mwendo ukiwa mdogo, halafu kanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda haraka na spidi ikabaki pale pale, klachi inateleza. Usisubiri harufu.

GEREJI, CHINI YA MWEMBE

Fundi wetu yuko Kerege, mtu mzima, mpole. Akatupa njia tatu.

Ya kwanza, klachi ya kawaida kama iliyotoka na gari. Bei nafuu, pedali laini. Lakini kwa injini iliyoongezwa nguvu, akasema, "Shem, hii nikiifunga leo, nanasi za msimu ujao utaniletea tena."

Ya pili, klachi imara. Presha pleti yake ina springi ngumu zaidi na sahani ni ya malighafi inayofanana na ile ya kawaida, ila bora. Inashika zaidi, pedali inakuwa nzito kidogo. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Ya tatu ndo ile macho ya Baba Salma yalipong'aa. Sahani yake haina duara zima, ina vipande vipande vya madini na kauri. Inashika hatari. Ndo wanayotumia watu wa mashindano. Kijana mmoja pale gereji akasema, "Hii bro, haitelezi hata ukifunga meli."

Nikamuuliza fundi swali moja tu: ikishika, inashikaje? Akacheka. Akasema ile haijui taratibu, inashika au inaachia, katikati hamna. Gari linaruka ukiondoka, linatetemeka, na kwenye foleni ya Tegeta mguu wa kushoto utakufa ganzi.

Sasa fikirini. Foleni ya Tegeta mpaka Mwenge, gari linatembea hatua mbili linasimama, nyuma kuna mtoto amelala. Au nimetoka zamu ya saa kumi na mbili, miguu imevimba. Au ndo tumembeba mama mwenye uchungu, kila tukiondoka gari linaruka. Kazini hatumpi mgonjwa dawa kali kuliko zote kwa sababu ipo kabatini. Tunampa dozi inayotosha ugonjwa wake na mwili wake.

Baba Salma akasema, "Mama Salma, lakini hii ndo ngumu kuliko zote." Nikamjibu, "Baba Salma, sisi tunabeba nanasi na watoto, hatushindani na mtu."

TULIVYOAMUA

Fundi akatupa hesabu ambayo ningependa mama yeyote anayechangia gari la nyumbani aijue. Usinunue klachi kwa jina la kishujaa lililoandikwa kwenye boksi. Uliza inashika nyutoni-mita ngapi. Halafu linganisha na nguvu ya injini yako ya sasa, sio ile ya kwenye kitabu cha gari. Klachi iwe juu kwa akiba nzuri, maana kuna mzigo, kuna vilima, kuna joto. Muuzaji akishindwa kukuambia hiyo namba, shukuru, ondoka. Spea feki zimejaa, boksi zuri sio ushahidi.

Tulizunguka Gerezani na Ilala siku nzima. Klachi imara iliyokuwa na karatasi ya vipimo ilikuwa imeandikwa 450. Kwa injini ya 430 hiyo akiba ni ndogo mno. Kubwa zaidi ya hapo ilikuwa ile ya kuruka.

Hapo ndo nikasema kitu ambacho mwenzangu hakukipenda: kama dawa haitoshi, na kuongeza dozi kutaumiza, basi tupunguze ugonjwa. Turudishe nguvu ya injini chini kidogo. Alinyamaza mpaka tumepita Bunju. Halafu akasema, "Ule usiku wa dada, mikono ilikuwa inatetemeka, sikukwambia tu." Kesho yake aliwapigia wale vijana, wakaishusha mpaka karibu 380. Tukanunua ile klachi imara.

Kulikuwa na jambo la flaiwili pia. Yetu ilikuwa ya vipande viwili vyenye springi katikati, inameza mtikisiko wa dizeli ili usifike kwenye gia. Ilishalegea kwa moto. Mpya ya aina hiyo ni ghali, kwa hiyo tukachukua ya kipande kimoja, na sahani yenye springi zake. Ubaya wake ni kelele: gari likisimama linanguruma utadhani sufuria la mawe. Fundi alitwambia mapema, tukakubali kwa akili zetu.

Na kwa kuwa gia boksi inashushwa mara moja, badilisheni vyote pamoja: sahani, presha pleti, beringi ya klachi, na mkague sili ya nyuma ya injini. Sili ikivuja oili kwenye klachi mpya, pesa imekwenda na maji. Flaiwili ya zamani ikibaki, ikaguliwe, na uso wake ukerezwe kama una madoa ya moto.

VUMBI

Hapa ndo nilipokuwa nesi kabisa. Klachi ya zamani ilipofunguliwa, ndani kulikuwa na vumbi jeusi jingi. Kijana wa gereji akashika mpira wa kompresa apulize. Salma wangu, miaka mitano, yuko hatua tatu kutoka pale anakula kashata. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Mama zangu, klachi na breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na spea isiyo na maelezo huwezi kuijua kwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani kwa binadamu. Nyuzi zake ni ndogo sana, zinaingia kwenye mapafu, na ugonjwa unaweza kutokea miaka mingi baadaye. Na zinafika nyumbani kwenye nguo za baba. Kwa hiyo vumbi la klachi lisipulizwe, lifutwe kwa kitambaa kilichoroa maji, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko. Watoto wakae mbali. Kama mume wako ni fundi, ovaroli isikung'utwe ndani, isilale chumbani, ifuliwe peke yake. Asimbebe mtoto kabla ya kubadili nguo na kuoga.

Yule kijana alidhani nina majivuno. Nilipomweleza, akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kupima kifua. Nikamwambia afike kazini kwangu.

BAADA YA KUFUNGA

Fundi alitwambia klachi mpya inahitaji kuzoea. Kilomita kama 800 za mwanzo tuliendesha kistaarabu, bila mzigo mkubwa wala kuovateki kwa hasira. Na tumeacha tabia mbili zinazoua klachi: kupumzisha mguu juu ya pedali, na kulishikilia gari kwenye mwinuko kwa klachi badala ya breki. Ya pili ilikuwa yangu, nakiri.

Sasa hivi gari linavuta vizuri, ila malori napita nikiwa nimesoma dua. Likisimama linanguruma, na Salma amelipa jina: Babu Kikohozi. Mtoto wa wifi ana miezi saba, amekaa mwenyewe juzi. Tulipoenda kumwona Kiwangwa, kwenye ule mwinuko, Baba Salma alikanyaga mafuta taratibu, gari likapanda. Hakuna aliyeongea. Alinitazama tu kwenye kioo.

Kwenye nyumba yako kuna gari limeongezwa nguvu? Uliza leo habari ya klachi, kabla usiku haujauliza.

Wiki ijayo chanjo, naahidi. Usiku mwema.