Tumba la Waridi na Mbio za Winga

Wahenga waliacha methali mbili zinazozozana tangu jadi. Moja huonya kwamba haraka haraka haina baraka. Nyingine hujibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtaani Karagita, kusini mwa Ziwa Naivasha, ugomvi huo uliamuliwa na mama mmoja mkata maua, ingawa hakuwahi kucheza kandanda maishani mwake.

Karagita ni mtaa wa vibarua. Wengi walihamia huko kutoka pembe mbalimbali za Kenya wakitafuta riziki katika mashamba ya maua. Siku za juma ni za waridi. Jumapili alasiri ni ya gozi. Katika timu mojawapo palikuwa na kijana wa miaka 19, mwembamba kama ufito, aliyecheza winga ya kulia. Alipofyatuka, vumbi lilibaki nyuma likiulizana amepitia wapi.

Mbio hizo ziliwalemaza wenzake. Kila aliyepata mpira aliufumua mbele upande wa kulia, kisha akasimama, mikono kiunoni, kama mtu aliyelipa kiingilio. Mwanzoni mabao yalipatikana. Hata hivyo, beki si jiwe. Wapinzani walijifunza kurudi nyuma mapema, na ile nafasi aliyozoea kuikimbilia ikatoweka. Mara nyingine mpira ulicheleweshwa, naye akanaswa ameotea. Lawama zote zikamwangukia. Akazidi kukimbia, hadi Jumapili moja aliposhika paja kwa nyuma na kuanguka chini. Kesho yake hakwenda kibaruani, na siku isiyofanyiwa kazi haina ujira.

Kocha alipokwenda kumjulia hali, mama yake kijana alimkaribisha chai, kisha akamkabili.

"Mwalimu, nakuuliza kwa heshima. Huyu ni mwanangu au ni pikipiki ya timu?"

"Samahani, mama. Mbio zake ndizo silaha yetu."

"Hata waridi huharakishwa kuwahi ndege. Lakini tumba likikatwa likiwa changa mno, huinamisha shingo lisichanue. Likichelewa, huchanua njiani. Mwenye kujua wakati ni mkataji, mwalimu. Ua halijikati."

Kocha aliondoka kimya. Njia nzima alitafakari kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akimfokea ua badala ya mkataji. Sheria ya kuotea yenyewe inamuunga mkono mama yule: mchezaji huhukumiwa kwa mahali alipo wakati mwenzake anapougusa mpira, si wakati yeye anapoupokea. Tangu mwaka 1990, aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea. Na aliye katika nusu ya timu yake hawezi kuotea kamwe. Kwa hiyo, winga anaweza kuanzia mbali na bado akamtangulia beki, mradi mpigaji pasi ajue saa.

Wakati kijana akiuguza paja, wenzake ndio waliofundishwa upya. Kiungo alikatazwa kupiga mpira mrefu kabla ya kuinua macho. Mashambulizi yakaanzia kushoto, kwa pasi fupi fupi, ili mabeki wavutike huko; ndipo mpira uhamishwe ghafla kulia, beki akiwa peke yake. Washambuliaji wawili waliamriwa kukimbilia langoni kila winga alipochomoka, kwani krosi isiyo na mpokeaji ni barua isiyo na anwani. Kijana aliporejea, naye alifunzwa kusogea nyuma kuomba mpira miguuni. Beki akimfuata, ageuke na kuikimbilia nafasi aliyoiacha. Zaidi ya yote, kocha aliazimia kumpumzisha kabla misuli haijalalamika.

Ulimwengu nao una ushahidi wake. Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alijaribu soka katika klabu ya Central Coast Mariners ya Australia mwaka 2018. Alifunga mabao mawili katika mechi ya kirafiki, lakini akaondoka bila mkataba. Kwa upande mwingine, Collins Injera, winga wa timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, aliweka rekodi ya kufunga trai nyingi zaidi katika mashindano ya dunia ya msururu mwaka 2016. Alikuwa na kasi, naam, lakini winga wa raga huupata mpira baada ya kupitia mikono ya wenzake.

Katika mechi ya marudiano dhidi ya wapinzani waliowahi kuwatesa, kijana aliugusa mpira mara chache kuliko zamani. Dakika za mwisho alichomoka bila mpira. Mabeki wawili, kwa hofu, wakamfuata. Katikati pakabaki uwazi. Kiungo akaupitia na kutikisa wavu. Umati ukamkimbilia kiungo na kumbeba juujuu.

Winga alibaki peke yake karibu na kibendera cha kona, akihema, akijipapasa paja. Lilikuwa zima. Kando ya uwanja, mama yake hakushangilia bao. Alimtazama mwanawe akitembea bila kuchechemea, akajifunga leso vizuri, akaelekea nyumbani. Jumatatu ilikuwa siku ya kazi, na safari hii wangekwenda wote wawili.