Nyuma ya Nguzo za Gati

Msafiri wa Lamu huanza kuyasoma maji kabla hajafika mjini. Pale Mokowe, tulipokuwa tukingoja mashua, lilikuwa bamvua na maji yalikuwa yakipwa kwa kasi. Mbele ya kila nguzo ya gati maji yalituna kidogo, kisha yakagawanyika. Nyuma ya nguzo yalizaa vizunguko, kimoja kuumeni, kimoja kushotoni, kwa zamu isiyokosea, vikafuatana hata vikapotea mbali.

Tulipoingia chomboni, nahodha alimkabidhi mwanetu upondo. "Utie majini, mwanangu, uushike wima, wala usikaze mkono." Upondo ukaanza kutetemeka kushoto na kulia, ilhali mkondo ulikwenda upande mmoja tu. Kila kizunguko kinapobanduka huuacha upondo ukivutwa huku, mara huku.

Zamu hiyo ina hesabu yake, ambayo Vincenc Strouhal aliichunguza katika upepo mwaka 1878. Nguzo ya mviringo yenye upana wa sentimita 20, katika maji yaendayo mita 1 kwa sekunde, hubandua takriban kizunguko kimoja kila upande kwa sekunde. Upondo wa sentimita 5 hufanya hivyo mara nne.

Upepo uvumao kwenye jengo nao huacha nyuma yake msukosuko wa namna hiyo. Tarehe 1 Novemba 1965, huko Ferrybridge, Uingereza, minara mitatu kati ya minane ya kupozea maji ya kituo cha umeme iliporomoka katika dhoruba. Iliyoanguka ilikuwa ya safu ya nyuma. Ile ya mbele, iliyoupokea upepo kwanza, ilisalia imesimama, na upepo ukaifikia ya nyuma ukiwa umekwisha kuvurugika.

Yatupasa kulikumbuka hilo tunapowapeleka watoto kuogelea. Maji ya nyuma ya nguzo huonekana yametulia, na mtoto hudhani ndipo penye kimbilio. Sivyo. Hapo maji hurudi kuelekea nguzoni, huyumba huku na huku, na huweza kumsukuma muogeleaji kwenye chaza zenye makali. Basi na waogelee mbali na nguzo, maji yanapokuwa yamejaa na kusimama, kabla hayajaanza kupwa, na mtu mzima awe karibu nao.