Nani Ana Gitaa la Kutolea Sadaka?

Mwezi Machi mwaka 2024, Mark Knopfler, mpiga gitaa mkongwe wa Uingereza na kiongozi wa iliyokuwa bendi ya Dire Straits, alitoa rekodi ambayo hadi leo inawagawa wapenzi wa gitaa ninaowafahamu. Aliwakusanya wanamuziki zaidi ya 60 wakarekodi upya wimbo wake wa ala tupu, “Going Home”, alioutunga kwa ajili ya filamu ya Local Hero ya mwaka 1983. Wapenzi wa soka wanaufahamu hata kama hawajui jina lake, kwani hupigwa katika uwanja wa Newcastle United kabla ya mechi za nyumbani. Mapato ya rekodi hiyo mpya yalielekezwa kwa Teenage Cancer Trust ya Uingereza na taasisi mwenzake ya Marekani, ambazo huwahudumia vijana wenye saratani.

Orodha ya walioshiriki inatisha. Yumo Eric Clapton, David Gilmour wa Pink Floyd, Brian May wa Queen, Bruce Springsteen, Joan Armatrading, Slash, na Buddy Guy, mzee wa blues. Ringo Starr wa Beatles na mwanawe Zak Starkey wako kwenye ngoma. Sting yuko kwenye besi. Gitaa la kwanza kusikika ni la Jeff Beck, aliyefariki dunia Januari 2023 kabla rekodi haijatoka. Wengine walifika katika studio ya Knopfler jijini London, wengine walituma vipande vyao kutoka mbali, na mtayarishaji Guy Fletcher akavishona kuwa kitu kimoja kinachokaribia dakika kumi.

Mjadala ulionigusa zaidi kuhusu rekodi hii niliusikia Buigiri, katika Wilaya ya Chamwino, kandokando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Hilo lisimshangaze msomaji. Katika nyanda hizi za kati kila kanisa lina kwaya, na kwaya nyingi zina kijana anayejua kutofautisha solo, rithimu na besi. Jumapili moja alasiri nilikaa na wanne kati yao chini ya mkwaju, simu imeunganishwa na spika ndogo, tukausikiliza wimbo mara tatu. Mmoja alidai kwamba wapishi wamekuwa wengi mno na mchuzi umepoteza ladha: kila nyota anapewa sekunde chache, hujamzoea ameshaondoka. Mwingine alisema utamu uko hapo hapo, katika kufumba macho na kumtambua mtu kwa namna anavyouvuta waya. Wa tatu, mpiga besi, alilalamika kwamba watu sitini wamepiga solo na hakuna anayemsifu aliyeshikilia chini. Tulicheka sana.

Pembeni yetu alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye vijana wale humwita babu. Aliitikia “mbukwenyi” yangu, akanyamaza hadi wimbo ulipokwisha mara ya tatu. Kisha akaniuliza, kwa utani anaonifanyia siku zote kuhusu shahada yangu: “Sasa wewe daktari wa vitabu, hebu niambie. Hawa sitini, yumo hata mmoja ambaye mwaka huu amechangiwa nauli ya kwenda hospitali?”

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya “hapana, mzee”. Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu ndani yake mna hoja ya uchumi wa siasa ambayo tumezoea kuipita tukikimbilia mjadala wa nani kapiga vizuri zaidi.

Tumtazame huyo Knopfler. Miezi miwili kabla ya rekodi hiyo, Januari 2024, alipiga mnada zaidi ya magitaa yake mia moja katika nyumba ya mnada ya Christie’s, London. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 8, na robo yake ikaenda kwa mashirika ya hisani, likiwamo Tusk linalohifadhi wanyamapori hapa Afrika. Mtu wa namna hii anatoa kwa sababu anacho. Na anacho si kwa sababu ana kipaji tu. Anamiliki utunzi wake, anamiliki studio anayorekodia, na anaishi katika nchi ambayo chombo cha kukusanya mirabaha ya watunzi, Performing Right Society, kimekuwapo tangu mwaka 1914. Kila mara wimbo wake upigwapo redioni, kwenye ukumbi au uwanjani Newcastle, kuna mtu mahali fulani ambaye kazi yake ni kuhesabu. Alipoamua kwamba wimbo huu uwasaidie vijana wenye saratani, alikuwa na kitu halisi cha kuwaelekezea: mapato yenye mwenyewe, yenye hesabu, yenye mkondo.

Sasa turudi nyumbani. Nyanda hizi zimezaa mpiga gitaa wa kiwango cha juu. Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi, hapa hapa Dodoma, mwaka 1946, akapitia Central Jazz ya Dodoma kabla ya kuunda Afro 70. Alikuwa kijana wa Kigogo aliyelisikiliza roki na soul la ng’ambo bila kuona haya, akalipa gitaa la umeme sauti yake mwenyewe. Mwaka 1977 alikwenda Lagos kuiwakilisha Tanzania katika tamasha kubwa la sanaa la FESTAC. Mwishoni mwa muongo huo akarekodi na kundi la Archimedes la Sweden. Alifariki dunia mwaka 2004. Mzee wetu wa Buigiri ni wa rika lake, na alipokuwa akieleza namna vijana wa Dodoma walivyojazana kumsikiliza, mikono yake ilianza kupiga rithimu juu ya goti.

Kizazi cha Balisidya kilifanya kazi katika mfumo uliokuwa na mema yake na ukatili wake. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na baada yake mashirika ya umma mengi yakawa na bendi zao. Mwanamuziki alipata mshahara, jambo ambalo wanamuziki wengi wa leo wangelitamani. Lakini ala zilikuwa za mwajiri. Alipoondoka, aliondoka na vidole vyake. Rekodi nazo zilifanyika kwa wingi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nasema kwa shukrani kwamba bila redio hiyo tusingekuwa na kumbukumbu ya muziki ule, kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri, na waliotaka sahani walilazimika kuitazama Nairobi. Ila kurekodi kwa ajili ya matangazo si sawa na kujenga mali. Wimbo ulipigwa miaka na miaka, taifa zima likaujua kwa moyo, na mtunzi hakuwa na daftari la kuonyesha kwamba umepigwa mara ngapi na anadai nini.

Matokeo yake tunayaona kila baada ya miezi kadhaa. Ujumbe unazunguka katika simu: mwanamuziki wetu mkongwe amelazwa, tumchangie. Mwaka fulani ulinifikia wa mpiga gitaa mmoja ambaye sitamtaja, kwa heshima yake na ya familia yake. Nilikuwa ndani ya basi nikitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Nilituma nilichokuwa nacho, na kabla hatujaimaliza Wilaya ya Chamwino dereva akaweka mkanda wa nyimbo za zamani, na wa pili kupigwa ulikuwa wa mgonjwa yule yule. Abiria karibu wote waliuimba, hata watoto. Nilitazama dirishani nikapiga hesabu ya kawaida kabisa: mabasi mangapi yako barabarani saa hii, baa ngapi, kumbi ngapi za harusi, vituo vingapi vya redio. Kama kila mmoja angelipa shilingi chache kwa haki, yule mzee asingehitaji huruma yangu. Angelipa hospitali mwenyewe, na pengine angebakiwa na cha kumchangia mwingine.

Wapo watakaosema kwamba sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, miaka 85 baada ya Waingereza kuanzisha chombo chao, nayo ndiyo iliyoizaa COSOTA. Sheria hiyo inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo za Balisidya zinapaswa kuwaingizia warithi wake kipato hadi mwaka 2054. Mwezi Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya takribani shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Nililipokea jambo hilo kwa furaha, kwani mwanzo ni mwanzo. Lakini gawanya msomaji: kwa wastani haifiki laki tatu kwa mtu. Huwezi kununua gitaa zuri la umeme kwa fedha hiyo, sembuse kuwaita wenzako sitini studio na kuwaambia kwamba mapato yote ya siku hii ni ya wagonjwa.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni wa fikra. Sisi Waafrika tulizitambua rekodi za nyota wengi tukiwa tumekalishwa kwenye kiti cha mpokeaji. Novemba 1984 Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya nyota wa Uingereza kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, katika wimbo uliouliza iwapo watu wale wanajua kwamba ni Krismasi. Uliulizwa kuhusu nchi iliyoupokea Ukristo tangu karne ya nne. Januari 1985 ikawa zamu ya Wamarekani na “We Are the World”. Usiku ule Stevie Wonder alipendekeza uwekwe mstari wa Kiswahili, na ubishi ukazuka studio hadi ikaelezwa kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili, pendekezo likafa. Lugha yangu iliitwa na kufukuzwa katika usiku mmoja, na hakukuwa na mwenyewe wa kuulizwa. Mwaka huo huo Manu Dibango wa Kameruni aliwakusanya Waafrika wenzake Paris, wakiwamo Salif Keita, Mory Kanté na Ray Lema, wakarekodi kwa ajili ya Ethiopia hiyo hiyo. Ni wangapi kati yetu wanaoikumbuka rekodi ile? Tumekubali kwamba kutoa ni kwao na kupokea ni kwetu, kiasi kwamba Mwafrika anapotoa hatumwoni.

Katika hili rekodi ya Knopfler ina adabu. Haina maneno, kwa hiyo haimsemei mtu. Wanaosaidiwa ni vijana wa mitaa ya watoaji wenyewe, na taasisi inayopokea inajulikana kwa jina na kazi. Sijui ni wangapi waliopona kwa wimbo ule, lakini najua kwamba aliyetoa alikuwa na haki ya kutoa kile alichotoa.

Nasi tumewahi kuwakusanya wasanii wetu. Mwaka 2010 nyota wa Bongo Fleva walisimama pamoja katika kampeni ya Zinduka! Malaria Haikubaliki, na ujumbe ulifika hadi vijijini. Ilikuwa kazi njema, ila ilitegemea mfuko wa wafadhili. Tofauti si ndogo: msanii aliyekodishiwa jukwaa anaweza kuhamasisha, lakini hawezi kuamua nani asaidiwe kesho mfuko ukiondoka.

Simpingi anayechangia. Mgonjwa hawezi kusubiri mageuzi ya sheria, na ujumbe mwingine ukija nitatuma tena. Ninachokataa ni kuugeuza mchango kuwa sera. Taifa linalomwimba mtu bure miaka arobaini kisha likamchangia jeneza halijawa karimu. Limelipa sehemu ndogo sana ya deni lake na kuipa sehemu hiyo jina la sadaka.

Yanayotakiwa kufanywa yanafahamika. Vituo vya redio vitoe orodha kamili ya nyimbo vinazopiga. Mabasi, baa na kumbi zilipie leseni ya muziki kama zinavyolipia leseni nyingine. Hazina ya kumbukumbu za redio ya taifa ipitiwe, majina ya watunzi na wapigaji yaandikwe, na warithi watafutwe wakiwa bado hai. Hata wale vijana wanne wa Buigiri wana sehemu yao: kwaya zao hurekodi kila mwaka, na kwenye jalada huandikwa jina la kwaya na la mchungaji, basi. Niliwaambia waandike ni nani aliyetunga na ni nani aliyeshika solo, rithimu na besi, kisha wakasajili. Mpiga besi ndiye aliyekubali haraka kuliko wenzake.

Buigiri kuna shule ya wasioona, iliyofunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Ninaweza kabisa kuwaza wapiga gitaa sitini wa Tanzania, kuanzia wakongwe wa Msondo hadi watoto wa kwaya za Ugogo, wakirekodi wimbo mmoja na kuiandikia shule hiyo mapato yake yote. Vipaji tunavyo vya kutosha, na moyo wa kutoa haujawahi kupungua katika nchi hii. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba siku watakapokutana, wimbo huo uwe na mapato, na mapato hayo yawe yao kwanza, ndipo wayatoe kwa hiari yao.