Siku za Mwisho Makka: Tulipoiaga Nyumba ya Mwenyezi Mungu



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu wasomaji, tangu mimi na mume wangu turudi kutoka Hija ya mwaka 1444 Hijria (2023), tumesimulia mara nyingi habari za Arafa na Mina. Habari za siku zile za mwisho hatujazisimulia sana. Watu wanaokuja kumpongeza hujaji humuuliza alifikaje, ni wachache wanaomuuliza aliondokaje. Nimeombwa niandike, nami naandika hasa kwa ajili ya dada zangu wanaojiandaa kwenda, na kwa wanafunzi ambao wazazi wao wako njiani kwenda.

Safari yenyewe

Tuliondoka Bujumbura tarehe 1 Juni, kupitia Addis Ababa, na kurudi tarehe 6 Julai. Siku 36. Kwa watu wa Buyenzi kama sisi, ambao hatujawahi kulala nje ya nyumba yetu zaidi ya wiki moja, hiyo ni safari ndefu. Watoto wanne tuliwaacha kwa bibi yao, mama mzazi wa mume wangu. Kiwanja tulichokuwa tumekinunua miaka ya nyuma ndicho kilichotupeleka, Alhamdulillah.

Jambo moja hatukulitegemea. Tuna miaka 22 ya ndoa, nikadhani kwamba huko angalau tutakuwa wawili. Kumbe vyumba vya kikundi chetu vilikuwa vya wanawake mbali na vya wanaume mbali, wanne wanne. Mume wangu akawa mtu wa kupangiana naye miadi! Tukawa tunakutana nje ya mlango wa Mfalme Abdulaziz, ng'ambo yake kuna ule mnara wenye saa, tunatembea pamoja kwa miguu kurudi Misfala, tunanunua chai ya maziwa njiani, tunazungumza. Nyumbani mazungumzo yetu ni ada za shule, dawa za bibi na mkaa umekwisha. Kule nilisikia habari za utoto wake ambazo sikuwahi kuzisikia.

Baada ya Mina

Tulisimama Arafa Jumanne tarehe 27 Juni. Tawafu ya Ifadha, ambayo ni nguzo ya Hija, tuliifanya alfajiri ya tarehe 29. Tukakaa Mina mpaka mwezi 13 Mfunguo Tatu, hatukufanya haraka ya kuondoka siku ya 12, ingawa Mwenyezi Mungu ameruhusu. Kwa hiyo kila mmoja wetu alirusha vijiwe 70: saba siku ya Idi, na 21 kila siku kwa siku tatu. Joto lilikuwa limepita nyuzi 40. Siku hiyo ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Julai, siku ya uhuru wa Burundi. Mume wangu aliikumbuka tukiwa tunatoka kwenye Jamarati, akasema, "Mama watoto, leo nyumbani watu wanaangalia gwaride." Tukacheka, na hapo hapo nikaona machozi yananilenga. Nikatamani kwetu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

Basi ndivyo zilivyokuwa siku zilizobaki. Moyo umegawanyika. Usiku napiga simu, mtoto wangu wa mwisho ananiuliza, "Mama, umebakiza kulala mara ngapi?" Namjibu nne, namjibu tatu, na yeye anafurahi kila namba inapopungua. Nikikata simu nakaa pale kitandani, namba ile ile inaniumiza. Nani anajua kama nitairudia ile nyumba? Kiwanja cha pili hatuna.

Daftari

Nilikuwa na daftari dogo. Kabla ya kuondoka, majirani na jamaa walinipa maombi yao niwaombee: huyu anataka mtoto, huyu mumewe ameacha swala, kijana fulani anangoja mtihani wa taifa. Kurasa nilizimaliza Arafa na kwenye tawafu, isipokuwa ukurasa mmoja. Huo ulikuwa wa mama mkwe. Yeye macho yamepungua nuru, na anajua kwamba hatafika Makka. Aliniambia, "Mwanangu, mimi niombee mwisho kabisa, siku mnapoiaga Kaaba, ili jina langu liwe la mwisho." Nikamuahidi kwamba nitalisoma mwenyewe katika Tawafu ya Kuaga.

Dada zangu mtanielewa. Kabla ya safari daktari alikuwa amenipa vidonge vya kuchelewesha hedhi, vya kutosha mpaka siku za Mina. Vilipoisha, siku chache baadaye, asubuhi ya tarehe 4 Julai, hedhi ikaja. Basi letu la kwenda Jeddah lilikuwa linaondoka usiku wa kuamkia tarehe 6.

Nililia. Si kwamba sikuijua hukumu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, Tawafu ya Kuaga ni wajibu, na anayeiacha bila udhuru anachinja. Lakini mwenye hedhi ameondolewa, hana dhambi wala fidia, maadamu ameshafanya Tawafu ya Ifadha. Katika Hija ya Kuaga, mama yetu Safiyya (R.A.) alipata hedhi, na Mtume (S.A.W.) alipoambiwa kwamba ameshaifanya Ifadha, akaruhusu aondoke na msafara. Hadithi hiyo imo ndani ya Bukhari na Muslim. Na katika safari hiyo hiyo mama yetu Aisha (R.A.) alipatwa na hedhi mahali panapoitwa Sarif, kabla hata ya kufika Makka, naye akalia. Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kwamba ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adam, na kwamba afanye yote afanyayo hujaji isipokuwa kutufu.

Haya yote niliyajua. Lakini kujua hukumu hakukunizuia kulia. Nilikuwa na ahadi, na nilikuwa na tamaa ya kuiona Kaaba mara moja zaidi.

Usiku wa kuaga

Mume wangu alikataa kwenda. Alisema, "Tumekuja wawili, nitamuagaje Mola wangu peke yangu na wewe umekaa kwenye ngazi?" Nikamwambia kwamba kwake yeye tawafu bado ni wajibu, udhuru ni wangu, si wake. Tukavutana pale mapokezi mbele za watu kama vijana, mpaka sheikh wa kikundi chetu akaja akamwambia kwa upole, "Al-Haji, mwenzako ameshasamehewa na Mwenyezi Mungu. Wewe bado." Akaenda.

Nilitaka kumpa lile daftari. Alinirudishia. Alisema mama yake alimuomba mkamwana, hakumuomba yeye, na dua haina sharti la tohara wala la kuwa ndani ya msikiti.

Nikakaa nje ya hoteli baada ya swala ya Isha, mizigo imepangwa pembeni yangu. Kutoka pale Kaaba haionekani, unaiona saa tu juu ya majengo. Nikaelekea kibla, nikafungua ukurasa ule. Ulikuwa na mistari mitano tu. Aliomba macho yake yamtoshe mpaka amalize kumsomesha Kurani mjukuu wake mdogo. Aliomba mtoto wake wa kiume aliyeondoka nyumbani mwaka 2015 apige simu. Aliomba husnul khatima. Aliniombea mimi. Mstari wa mwisho aliandikisha kwamba ametusamehe sote. Nilisoma taratibu, kila mstari mara saba, kama mtu anayezunguka.

Mume wangu alirudi saa sita na nusu za usiku, miguu imevimba, macho mekundu. Hakusema kitu. Alikaa karibu yangu, tukangoja basi. Ndani ya basi wanawake na wanaume walichanganyika, kila mtu na wake, basi ikawa mara ya kwanza baada ya siku 36 tunakaa kiti kimoja safari nzima. Tulifika Jeddah hatujazungumza maneno kumi.

Nasaha kwa wanaojiandaa

Kwanza, dada yangu, usiichelewesha Tawafu ya Ifadha bila sababu. Ukipata hedhi kabla yake, mambo ni mazito, maana huna budi kusubiri tohara na ndege haisubiri. Ukitaka vidonge, muone daktari mapema, wala usichukue vya jirani.

Pili, nyinyi waume, msome hukumu za wanawake kabla ya safari. Mke asiwe peke yake katika kujua.

Tatu, ukipewa maombi ya watu, yaandike. Kichwa husahau kwenye msongamano.

Nne, nyinyi watoto na wanafunzi, wazazi wakirudi msiwaharakishe kufungua masanduku kutafuta tende na Zamzam. Waacheni wakae kidogo. Mwili umefika, moyo unafika baadaye.

Mama mkwe aliniuliza siku ya kwanza kama jina lake lilikuwa la mwisho. Nikamwambia ukweli wote, mahali nilipokuwa na sababu yake. Alinyamaza, kisha akasema, "Huyo anayesikia kule ndani si ndiye anayesikia na kwenye ngazi?"

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie wote wenye nia waifikie Nyumba yake, awakubalie waliokwenda, na awape subira wale ambao udhuru umewazuia. Amin.

Wabillahi tawfiq.